Kazi ya Jiwe la Kale Haijulikani kwa Umbo Lake

SWALI: Nimeokota jiwe lenye umbo la shoka kwenye korongo nyuma ya shamba letu, Iringa. Mnunuzi wa vitu vya kale ameniambia nilisugue kwa brashi ya waya na asidi ya betri, kisha nijaribu kuchongea mti. Likikata vizuri, basi ni shoka la kuchongea na bei itapanda. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na tafadhali weka hiyo brashi chini. Ushauri huu nausikia kila mvua zinapomomonya makorongo na mawe kujitokeza, na kila ukifuatwa huharibu ushahidi wenyewe.

Mwaka 1981 Lawrence Keeley na Nicholas Toth walitoa matokeo ya uchunguzi wa vipande 56 vya mawe kutoka Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, vya takriban miaka milioni 1.5. Tisa tu vilikuwa na alama za kutumika: vinne vilikata nyama, vitatu vilifanya kazi ya mti, viwili vilikata majani au matete. Vingi vyake vilikuwa vigae vya kawaida, vilivyobanduka jiwe lilipogongwa. Mnunuzi wako angevikanyaga akapita. Kilichovitambulisha ni mng'aro mwembamba kwenye makali, unaosomwa kwa hadubini. Brashi ya waya inaweza kuuharibu. Na ukichonga mti leo, unaweka alama mpya juu ya zile za kale, halafu unatuletea tuzitenganishe!

Asidi nayo ina madhara yake. Kule Peninj, kando ya Ziwa Natron, mashoka ya mkono ya takriban miaka milioni 1.5 yalikutwa na chembechembe za silika (madini magumu kama kioo yanayojengeka ndani ya mimea) za mimea ya jamii ya mgunga, zimeng'ang'ania kwenye makali. Chembe kama hizo hukaa ndani ya udongo ulioganda kwenye jiwe. Asidi huulegeza, na maji ya kusuuzia huzisomba.

Hasara ni kubwa kwa sababu mti huoza. Mara nyingi jiwe ndilo shahidi pekee kwamba wawindaji wa kale walikuwa pia mafundi wa miti: mikuki, miti ya kuchimbia mizizi, hata majengo. Kwenye maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, udongo uliolowa maji ulihifadhi magogo mawili ya angalau miaka 476,000, la juu limechongwa pengo ili likae juu ya mwenzake. Watu wanaopachika magogo namna hiyo hawakuwa wakikimbiza nyama tu, wakilala popote jua linapowachwea. Walipanga kazi, na walikuwa na sababu ya kubaki mahali.

Nyote mnaookota mawe, msimsikilize anayewaambia kazi ya jiwe kwa kulishika na kulitazama tu. Anatafuta bei. Kuuza au kusafirisha nje vitu vya kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Wewe lifunge kwenye karatasi safi bila kulifuta. Chukua udongo kidogo pale ulipoliokota, ufunge peke yake, maana bila huo hatuwezi kujua kama chembe zilitoka kwenye kazi au kwenye ardhi. Piga picha ya mahali penyewe, usichimbe zaidi, kisha toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale.