Bodi ichomelewe hapa hapa

Mmeuliza wiki hii: mabasi ya abiria ya Dar yaundwe nchini au tuendelee kuagiza? Mimi ni fundi bodi, kwa hiyo mniwie radhi nikivutia kwangu.

Nilijifunza kuchomelea Buguruni enzi za chai maharage, vile vigari vya mizigo vilivyowekwa mabenchi nyuma, abiria wakakaa wanatazamana. Vilikuwa vibaya, sikatai. Lakini kimoja kikiingia gereji kililisha watu: sisi wa fremu, seremala wa mabenchi, mpiga rangi, na mama ntilie aliyetukopesha wali hadi tajiri alipe. Mabomba na mabati tulinunua Gerezani. Pesa ya tajiri ililala Dar.

Vikaja vipanya vya mtumba kutoka Japani, tukabaki kunyoosha mabodi na kuongeza siti. Yale mabasi 140 ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 yalishuka kutoka China yamekamilika. Sisi tuliongeza dereva na abiria.

Sisemi tuunde injini. Injini, gia boksi na chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, viagizwe, dola zitoke kwa hivyo. Bodi, siti, nyaya na rangi vibaki huku. Nairobi matatu nyingi ni chesisi ya Isuzu iliyovikwa bodi palepale, na hakuna anayeshangaa.

Faida kubwa, kwa macho yangu, huonekana siku basi likigongwa. Lililochomelewa hapa, fundi anakata ubavu ulioumia, anaunga mwingine, kesho kutwa liko barabarani. Lililoagizwa linasubiri kioo chake kije na meli. Huku nyuma hesabu ya kila siku ya tajiri haipatikani, dereva na konda wanakaa kijiweni, na benki inadai rejesho lake kama kawaida.

Tatizo ni oda. Kibaha tulikuwa na kiwanda cha TAMCO, kikiunganisha malori ya Scania, nacho kikanyamaza. Ukinunua mabasi mia leo kisha ukakaa kimya miaka mitano, vijana uliowafundisha watarudi kuchomelea mageti ya watu Mbezi. Zabuni ijayo ya mwendokasi iseme mabasi kumi kila mwezi, si mia kwa meli moja. Hata karakana kubwa ikinigawia milango na fremu za siti tu, kwa kasi hiyo nachukua vijana wanne wa VETA Chang'ombe, na mwaka ukiisha bado ninao.