Kununua farasi wa michezo Ujerumani: mkague kabla hajatandikwa

Mnunuzi akifika kwenye zizi la Hannoveraner au Holsteiner (aina za farasi wa michezo wa Kijerumani), mara nyingi hukuta farasi keshasuguliwa, katandikwa, na mpandaji yuko juu anampasha misuli moto. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Farasi aliyekwisha kupashwa moto huficha mengi. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kumkuta bandani, hajatolewa tangu asubuhi, na umwone akitandikwa.

Anza na mbao za banda na meno ya mbele. Kingo zilizotafunwa na meno yaliyosagika ukingoni huashiria farasi anayeng'ata mbao na kufyonza hewa, tabia ngumu sana kuiondoa. Kisha pitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, toka goti hadi kifundo, ukilinganisha kulia na kushoto. Joto au uvimbe wa upande mmoja tu usiupuuze. Bonyeza mgongo pale tandiko linapokaa. Akiuzamisha ghafla na kulaza masikio, mwambie daktari wa mifugo atakayemchunguza.

Akimbizwe troti (mwendo wa kati, kati ya kutembea na mbio) kwenye sakafu ngumu, kwanza moja kwa moja, halafu kwa duara. Kichwa kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapokanyaga, huo ndio unaouma. Rudia kwenye mchanga, maana maumivu ya kano huonekana zaidi kwenye udongo laini. Anapopandwa, mwenye farasi atangulie, wewe ufuate. Farasi hawa ni warefu, na warefu ndio hupooza zaidi upande wa kushoto wa koo. Sikiliza kama anakoroma akivuta pumzi kwenye mbio.

Daktari awe wako, asiwe yule anayetibu zizi la muuzaji. Atakunja kila mguu kwa takriban dakika 1 kisha farasi akimbizwe papo hapo. Seti ya kawaida ya eksirei Ujerumani ni picha 18, na mgongo haumo: uagize kwa nyongeza. Tangu 2018 madaraja yaliyokuwa yakipewa picha hizo yalifutwa. Daktari hueleza alichokiona na hatari yake. Ukiambiwa "daraja la 2", uliza picha ni za mwaka gani. Kipande cha mfupa kilichojitenga ndani ya kiungo ni jambo la kawaida kwa farasi hawa. Kikiwa mbele ya hoki (kiungo cha katikati ya mguu wa nyuma) mara nyingi huondolewa kwa upasuaji na farasi akafanya kazi vizuri. Kwenye goti la nyuma mambo huwa mazito zaidi.

Kwa mpandaji wa kawaida, heri farasi wa miaka 8 mwenye kasoro ndogo kwenye picha na rekodi ya mashindano kuliko wa miaka 3 mwenye picha safi. Yule wa miaka 8 amekwisha kuonyesha kwamba mwili wake unahimili kazi.

Damu ichukuliwe siku hiyohiyo ya uchunguzi na kuhifadhiwa maabara, ili ulemavu ukijitokeza wiki chache baadaye ipimwe dawa za maumivu. Jike la kuzalisha lipimwe pia WFFS, ugonjwa wa kurithi wa ngozi dhaifu: akiwa na jeni yake huonekana mzima, lakini akipandwa na dume mwenye nayo, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa na ngozi inayochanika, na hataishi.

Linganisha chipu ya shingoni na pasipoti. Mkatabani andika kazi unayomnunulia na urefu wa vikwazo, na malipo yasitoke kabla ripoti ya daktari haijakufikia mkononi.