Maji taka hasi, wagonjwa wapo: anzia kwenye chemba, si kwenye mashine

Mleta uzi, umesema mnachota maji taka kila wiki kwenye chemba moja mkitafuta korona. Majibu yanatoka hasi ilhali wagonjwa wanajulikana, halafu wiki nyingine namba inapaa ghafla. Mashine ya PCR, ile inayonakili vinasaba vya kirusi mara nyingi hadi vionekane, huwa ya mwisho kushukiwa. Makosa mengi yameshafanyika kabla chupa haijafika maabara.

Kwanza, mnachota vipi? Kwenye bomba dogo la mtaa, kinyesi cha mtu mmoja hupita mbele yako kwa muda mfupi sana. Ukichota mara moja saa tano asubuhi, unacheza bahati nasibu. Tumieni mashine ya kuchota yenyewe: mililita 100 kila saa, kwa saa 24, chombo kikiwa kwenye barafu muda wote. Kama haipo, chota kiasi kilekile kila nusu saa kuanzia alfajiri hadi saa nne, watu wanapotumia vyoo kwa wingi, uchanganye. Njia nyingine ni ya zamani lakini bado inafaa: kipande cha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) kilichokunjwa na kufungwa uzi imara, kinaning'inizwa kwenye mkondo siku moja hadi tatu kisha kinakamuliwa. Brendan Moore aliitumia Uingereza miaka ya 1940 kusaka vimelea vya homa ya matumbo ya paratifoidi. Itakuambia kirusi kipo au hakipo, lakini haitakupa kiasi kwa lita, kwa sababu hujui ni maji mangapi yamepita kwenye gozi. Na tafadhali, mtu asishuke ndani ya chemba. Gesi iliyomo huua, tumieni kamba na ndoo.

Pili, chupa ikae nyuzi 4 hadi ichakatwe, na isizidi siku mbili. Msiigandishe nzima. Kirusi cha korona kina utando wa mafuta, na kuganda na kuyeyuka huupasua. Chagueni pia sehemu iliyo kabla ya maji kutiwa klorini.

Tatu, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi: lile tope. Maabara nyingi huzungusha sampuli kwenye sentrifyuji ili maji yawe meupe, kisha tope la kahawia lililoganda chini ya mrija linatupwa. Virusi vya polio hubaki kwa wingi kwenye maji, lakini vya korona hupenda kung'ang'ania chembe ngumu. Ukimwaga tope, huenda umemwaga jibu lenyewe. Tikisa chupa vizuri kabla ya kupima, na vinasaba vya kirusi vitengwe kutoka kwenye tope pia.

Sasa, hasi ni hasi pale tu unapoweza kuonyesha kwamba kirusi kingekuwepo ungekiona. Kabla ya kukoleza sampuli (kukusanya virusi vyake kwenye ujazo mdogo), tia kiasi kinachojulikana cha virusi vya korona vya ng'ombe. Ukitia nakala milioni moja ukapata 2,000, yaani asilimia 0.2, usiandike hasi. Andika kwamba sampuli imefeli, urudie. Kisha angalia vizuizi, maana sabuni, mafuta na mabaki ya majani yaliyooza huikaba PCR. Punguza (zimua) vinasaba ulivyotenga mara kumi upime tena kile kirusi cha ng'ombe. Ct, yaani idadi ya mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane, hupanda kirusi kikipungua, na hapa inapaswa kupanda kwa takriban 3.3: ikiwa 30 kabla, iwe karibu 33.3. Ikiwa 31, au imeshuka hadi 29, kuna kizuizi, na ile hasi ya korona haina thamani.

Kuhusu namba kupaa na kudondoka, ulizeni mvua. Nakala 50,000 kwa lita, mtiririko lita milioni 8 kwa siku, watu 60,000: ni kama nakala milioni 6.7 kwa kila mtu kwa siku. Mvua ikiongeza mtiririko hadi milioni 16, mtasoma 25,000, mkashangilia bure. Mzigo kwa mtu ni uleule. Kama hamna kipimo cha mtiririko, pimeni kirusi cha pilipili, PMMoV, ambacho watu wengi hukitoa kwenye kinyesi kutokana na chakula. Hakirekebishi kila kitu, ila kikishuka sana siku moja, maji yamezimuliwa.

Msijaribu kugeuza namba hizo kuwa idadi ya wagonjwa, kwa kuwa watu hutoa virusi kwa viwango vinavyotofautiana mno. Nguvu ya kipimo hiki ni kuona mwelekeo, na kuona kisichoonekana hospitalini. Kwa polio, takriban mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa ndiye hupooza. Ndiyo maana Israeli mwaka 2013 iligundua virusi vya polio vya asili kwenye maji taka bila mgonjwa hata mmoja aliyepooza, ikawapa watoto chanjo ya ziada ya matone.

Leteni hapa Ct za kirusi cha ng'ombe, kabla na baada ya kupunguza, na mseme tope mnalifanyia nini. Tutaanzia hapo.