Majibu ya maswali yenu kuhusu Ol Doinyo Lengai

Tangu nieleze hapa tulivyopanda Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkeno unaosimama peke yake kusini mwa Ziwa Natron, ujumbe haujakatika. Nimechukua maswali yanayojirudia zaidi.

Mimi nimefika Uhuru, mita 5,895. Lengai ni mita 2,962 tu. Mbona mnaiogopesha hivyo? (Msomaji, Moshi)

Hongera kwa Uhuru, lakini usiupime mlima huu kwa kipimo cha Kilimanjaro. Kule unatembea siku tano au sita, polepole, wapagazi wamebeba mzigo, na jioni unakuta chakula cha moto. Huku mnaondoka Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima, kwa gari usiku, mnaanza kupanda kwenye saa sita, na kabla jua halijachomoza unatakiwa uwe umepanda zaidi ya mita 1,500 kwa mkupuo mmoja. Hakuna kibanda wala kituo, na huko juu hakuna hata mti wa kuegemea.

Sehemu ya chini ni majivu na changarawe: unapiga hatua moja, unarudi nusu. Ukienda juu, majivu yameganda yakawa kama mwamba, mvua imeyachimba mifereji, na mwinuko unakaribia nyuzi 45. Hapo mikono nayo inafanya kazi. Kushoto na kulia ni mteremko mtupu, huna hata kichaka cha kushika. Kilimanjaro inakupima pumzi. Lengai inakupima magoti, vifundo vya miguu na utulivu wa kichwa, na inafanya hivyo zaidi wakati wa kushuka.

Kwa nini lazima iwe usiku? Si hatari zaidi? (Msomaji, Mwanza)

Ni kwa sababu ya jua. Ziwa Natron liko kwenye mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, katikati ya Bonde la Ufa, na joto la kule halina mchezo. Ikifika saa nne asubuhi ule mteremko usio na kivuli unakuwa kama kikaango. Kwa hiyo mnapanda gizani, mnafika ukingoni mwa kasoko, yaani shimo la volkeno huko juu, alfajiri, mnashuka mapema.

Giza lenyewe linasaidia kwa namna fulani. Unaona duara la taa yako na visigino vya aliye mbele, basi. Kukipambazuka ndipo unaliona ziwa huko chini, kwanza kama bati jeusi, kisha linaanza kuingia wekundu. Nimeliona mara kadhaa na bado linaninyamazisha.

Nikisimama ghorofa ya tatu tu napata kizunguzungu. Nijaribu? (Dada, Dodoma)

Dada yangu, usianzie hapa. Anza na milima yenye njia pana, uone mwili wako unasemaje. Na nitakueleza kwa nini.

Mara yangu ya kwanza nilipanda bila shida. Woga ulinikuta wakati wa kurudi, mita chache chini ya ukingo, kumekucha. Nilitupa jicho chini nikaliona gari letu, dogo kama punje ya mchele, na katikati yetu hakuna kitu. Nilikaa chini pale pale. Vidole viling'ang'ania ufa wa mwamba na magoti yakatetemeka kama cherehani. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai aliyevaa kata mbuga za tairi, hakunifokea wala hakunivuta. Alishuka akasimama chini yangu, akakita kisigino, akasema: "Kaka, tazama kisigino changu. Ziwa utalitazama baadaye." Akatoa, mimi nikaweka pale pale alipotoa. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima.

Alichonifundisha siku ile ndicho ninachowaambia wote. Mtu akiogopa huegemea nyuma, anataka kukaa. Ukiegemea nyuma, uzito unaondoka miguuni na viatu vinateleza. Simama juu ya miguu yako, kunja magoti kidogo. Kwenye majivu, chimba kwa kisigino. Kwenye mwamba wenye mwinuko mkali, geukia mlima, ushuke kama anayeshuka ngazi.

Jambo lingine: kundi likiwa na mwongozaji mmoja tu, akishindwa mmoja mnarudi wote, au mbaya zaidi, anaachwa akae peke yake gizani awasubiri. Hilo la kumwacha mtu naliona kosa kubwa kabisa, hata kama mwenyewe anasema "nendeni tu, niko sawa." Lipieni waongozaji wawili. Na mkubaliane saa ya kugeuka kabla ya kutoka kambini, wakati kila mtu ana akili zake.

Nibebe nini? (Wengi)

Maji, lita nne kwa mtu, maana mlimani hakuna hata tone. Taa ya kichwani na betri za akiba. Glavu, kwa kuwa ule mwamba unachuna viganja. Kofia ngumu, kwa sababu walio juu yako wataangusha mawe hata wakijitahidi vipi. Koti la upepo kwa ajili ya ukingoni, na fimbo. Viatu vifunike kifundo, na ufunge kitambaa juu yake ili changarawe zisiingie. Simu iache mfukoni mpaka umekaa.

Si ni volkeno hai? Ikilipuka tukiwa juu? (Baba wa watoto wawili, Arusha)

Ni hai, ndiyo. Mlipuko mkubwa wa karibuni ulianza Septemba 2007 ukaendelea mpaka 2008, na kabla yake ardhi ilitetemeka kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana kabla ya safari unawauliza wenyeji wa Engare Sero: kuna mitetemeko? Kuna majivu yanayotoka? Wakisema msipande, msipande.

Lava yake ni ya ajabu. Imejaa magadi, inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na ni nyepesi kama oili. Ikitoka ni nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe, hata ukiwa mbali unaweza kudhani ni theluji. Hakuna volkeno nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hii.

Ila kwa mpandaji, hofu yangu kubwa ni ukingo wa kasoko. Ni mwembamba, hauna uzio, na udongo wake unamomonyoka. Kaa, usisimame. Usisogee ili upate picha nzuri zaidi. Ukisikia harufu kali ya kiberiti inakujia usoni, hama upande.

Nasikia ni mlima mtakatifu. Wenyeji hawachukii tukipanda? (Msomaji, Nairobi)

Jina lenyewe ni Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, na watu huenda kusali huko, kuomba mvua na kuomba watoto. Waongozaji wengi ni wana wa hapo hapo na wanakukaribisha. Ukikuta watu wako kwenye ibada, pita mbali, usipige picha, punguza sauti. Takataka zako ushuke nazo zote, hata maganda ya ndizi.

Aprili nina likizo. Vipi? (Mwalimu, Singida)

Mwalimu, hiyo ni masika. Mwamba ukilowa unateleza, mifereji inapitisha maji, na kwenye mlima mtupu hivi radi haina pengine pa kupiga. Subiri Juni au Julai.

Tukishuka tunaweza kuoga ziwani? (Vijana watatu, Dar es Salaam)

Hapana, wadogo zangu. Yale maji ni magadi makali, na nyinyi mtakuwa mmechubuka viganja na magoti, mtalia. Ziwa ni la flamingo: flamingo wa jamii ndogo walio wengi duniani wamezaliwa pale, kwa sababu ukali ule ule wa maji unawazuia fisi na mbweha wasifike kwenye viota. Waangalieni kutoka ufukweni, msiwakurupushe.

Kuoga kuna mahali pake. Mwombeni mwongozaji awapeleke kwenye korongo la Engare Sero. Mnatembea ndani ya mto, maji yakifika magotini, mpaka kwenye maporomoko. Ni maji baridi. Vueni viatu, kaeni chini yake mpaka majivu yatoke masikioni.