Mwanangu, umeniuliza habari za yule mzee wa kanda za baba yako

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi usiku niliiona ila nilikuwa na sare za kicheni pati ya watu wa Tabata, magauni 32 na shughuli yenyewe Jumamosi, sa ningejibu saa ngapi. Umeuliza mawili kwa mpigo, yule Kris Kristofferson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, wa kanda za marehemu baba yako alianzaje, na we ukiacha kazi ya kliaringi bandarini ukaingia kwenye muziki na tamthilia mi ntasemaje. Naanza na la kwanza, la pili limo humo humo.

Kwanza yule hakutoka kwenye dhiki kama mnavyopenda kusimulia nyie wasanii. Kazaliwa 1936 Brownsville, Texas, baba yake mwanajeshi wa anga aliyefika mpaka ujenerali, yeye kasoma fasihi, kapata skolashipu ya Rhodes kaenda chuo cha Oxford, Uingereza, karudi kaingia jeshini akawa rubani wa helikopta, cheo kapteni. 1965 wakampangia akafundishe fasihi ya Kiingereza West Point, kule wanakosomea maofisa wa jeshi la Marekani. Yaani mtoto wa kumtaja kwenye kila msiba na kila harusi. Akaacha vyote akaenda Nashville, mji wa muziki wa kantri, kutunga nyimbo, na kazi aliyopata ni kudeki studio za Columbia na kumwaga visahani vya majivu ya sigara. 1966 mwanamuziki maarufu Bob Dylan akaja kurekodi pale pale, kapteni wetu yupo na ndoo yake, hathubutu hata kumsemesha asije akafukuzwa kazi.

Sasa hapa ndo paliponichoma. Mama yake alimwandikia barua ya kumkana, kwamba ameiaibisha familia na muziki wenyewe hausikilizwi na mtu mzima yeyote. Barua ikamfikia mpaka Johnny Cash, nyota wa kantri ambaye ndo alikuwa mkubwa wao, akaisoma akamtania kwamba raha ilioje kupata barua ya nyumbani. Hii nimeisoma kwenye simu Kris alipofariki, Septemba 2024, ana miaka 88. Watu kwenye komenti wanacheka, mi nikawa namuwaza yule mama na kalamu yake.

Maana juzi hata mi niliandika. Taa ya cherehani inawaka, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, nikaandika nimekusomesha kwa mguu huu wa kukanyaga pedeli, nikaandika usije ukanililia hapa. Nikakumbuka na yule prodyuza aliyekula laki tatu zako za odisheni halafu akasema nafasi zimejaa, nikaongezea na yeye. Ilikuwa ndefu hiyo! Nikaifuta nikarudi kukata mikono ya magauni.

Ila ujue Kris alikuwa na mke na watoto, na mtoto wa pili alizaliwa na tatizo la njia ya chakula, madeni ya hospitali yakamfika shingoni. Akaenda kurusha helikopta Louisiana, anapeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta huko baharini, wiki moja huko wiki moja Nashville anazungusha nyimbo zake, na nyingine kazitungia huko huko kwenye mitambo. Jeshi aliacha, kurusha hakuacha. Na helikopta ndo siku moja aliitua uani kwa Cash kumpelekea kanda (Cash alikuwa anasimulia kwamba jamaa alishuka na bia mkononi, Kris mwenyewe akakataa, akasema Cash hata nyumbani hakuwepo, hao wawili walikuwa waongo wa kupendeza).

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Cash akaimba wimbo wake, ukawa wimbo bora wa mwaka wa tuzo za kantri 1970. Me and Bobby McGee akaiimba Janis Joplin, ikawa namba moja 1971 mwenyewe Janis yuko kaburini tayari. Kris sauti hana, alisema mwenyewe anaimba kama chura, na umeme wa Dar ulivyokuwa unapungua ile redio kaseti yetu ilimzamisha zaidi, baba yako anasema we subiri, ndo panakuwa patamu.

Sinema alicheza nyingi, 1976 na Barbra Streisand mpaka akapata Golden Globe, halafu 1980 akawa nyota wa moja iliyokula mamilioni na kuanguka vibaya, ikamwangusha na yeye. Na we umeshamwona hujui tu. Yule mzee wa nywele ndefu anayechechemea kwenye Blade, anayemtengenezea Blade silaha, ile uliyotoroka tuisheni kwenda kuiangalia kibanda cha video, ndo huyo.

Kwa hiyo la pili. Mi sikukani. Lakini hiyo kazi usiiache mwezi huu, omba wakupangie shifti za usiku, mchana nenda huko kwenye kushuti kwenu, na wakikupa mkataba uniletee niusome kabla hujasaini, hata kama unaona mama fundi cherehani anajua nini. Kanda iko kwenye droo ya vifungo, utepe umetoka nje kidogo. Jumapili ukija njoo na kalamu ya Bic tuuzungushe, na upitie mchele, umeisha.