Barua kwa mwanangu: neno dogo lililosimama mlangoni

Kitangiri, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Goti la baba yako limetulia, na mwembe wa nyuma umeanza kutoa maua. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Nilianza kukujibu kwa sauti kwenye simu, nikafuta, maana jambo lenyewe linataka kuonekana kwa macho. Ndiyo sababu nimekaa na kalamu.

Umeniambia kwamba ripoti yako ya vizimba vya samaki imerudi kutoka kwa mkuu wako ikiwa na wino mwekundu, na mahali patatu ameandika kwamba sentensi haijakamilika. Mojawapo ni hii: "Although the cages were installed before the rains." Ukaniuliza: "Mama, kiima kipo, kitenzi kipo, wakati upo. Imepungukiwa nini?" Halafu ukamalizia kwamba labda Kiingereza hakikukaa kichwani mwako. Hilo la mwisho silikubali hata kidogo.

Jumatatu nilikuwa Kirumba, pale mwaloni, na yule jirani yetu anayenunua dagaa. Alikuwa anasubiri mzigo kutoka Ukerewe. Simu ikaita, akasikia sauti ya kijana wake: "Mama, boti ikifika..." Mtandao ukakatika. Ungemwona alivyohangaika! "Ikifika, nifanye nini?" Akapiga, haipatikani. Akapiga tena. Hakukaa chini mpaka alipompata. Sasa tazama: katika maneno yale matatu kiima kilikuwepo, boti. Kitenzi kilikuwepo, kufika. Lakini kati yetu sote tuliokuwa pale, hakuna aliyedhani kwamba ameshaambiwa jambo. Angesikia "boti imefika", angebeba ndoo zake akashuka majini. Kilichomweka pale ni -ki- iliyokaa mahali pa -me-.

Hicho ndicho kishazi tegemezi. Kina kiima, kina kitenzi, lakini kinamwacha msikilizaji anasubiri. Sentensi yako ya vizimba inafanya vivyo hivyo. Mkuu wako amesoma "Although the cages were installed before the rains", akafika kwenye nukta, akabaki ameshika simu iliyokatika.

Lakini hapo hujaniuliza kwa nini wewe hukuisikia ile hali ya kusubiri, wakati kwa Kiswahili ungeisikia umelala. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kiswahili kinauficha utegemezi ndani ya kitenzi. Boti ilifika. Boti ilipofika. Boti ikifika. Boti iliyofika. Boti ingefika. Kila mara ni kitenzi chenyewe kilichobadilika. -Po- na -ki- na -yo- na -nge- zimeingia ndani yake, na sikio lako, lililozaliwa hapa, linazikamata bila wewe kujua. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kiingereza kinakiacha kitenzi jinsi kilivyo, halafu kinasimamisha neno dogo mlangoni. "The boat arrived" ni sentensi iliyokamilika. "When the boat arrived" haijakamilika. Kitenzi ni kilekile, hakikuguswa hata herufi moja. Mabadiliko yote yamebebwa na "when". Sasa wewe, kwa mazoea ya lugha ya mama yako, unakwenda moja kwa moja kwenye kitenzi kutafuta alama, unakikuta kizima, unaweka nukta. Umepita mlangoni bila kumtazama aliyesimama pale.

Kwa hiyo ukitaka kuikagua ripoti, tazama mwanzo wa kila kishazi kabla hujatazama kitenzi. "Because", "although", "when", "while", "if", "unless", "until", na "since", ambayo mara ni tangu, mara ni kwa sababu. Ukikuta mojawapo imesimama mbele ya kiima na kitenzi, ujue hapo kuna mtu anasubiri, na lazima umpe kishazi huru, yaani kile kinachosimama peke yake, ndani ya sentensi hiyohiyo. Ila hakikisha kweli kuna kitenzi. "After the rains" si kishazi, ni mvua tu na wakati wake. "After the rains stopped" ndicho kishazi.

Najua utaniuliza juu ya "because", kwa kuwa kwa mdomo watu husema kila siku. Mtu akikuuliza kwa nini umechelewa, unajibu "kwa sababu boti ilichelewa", na umemaliza. Ni kweli, maana nusu nyingine ameishika yeye aliyeuliza. Kwenye ripoti hakuna aliyeuliza, nusu zote mbili ni zako.

Tukitoka hapo, utaona kwamba makosa yako mengine yote yanatoka shimo hilohilo. Umeandika: "When I will receive the data, I will send you the table." Umeandika hivyo kwa sababu unasema "nitakapopata takwimu nitakutumia jedwali", na Kiswahili kimeweka wakati ujao pande zote mbili, -taka- huku na -ta- kule. Kiingereza kinauweka upande mmoja tu, kwenye kishazi huru. Upande wa tegemezi kinatumia wakati wa sasa: "When I receive the data, I will send you the table." Kishazi huru kimeshasema kwamba mambo ni ya mbele, basi hakuna haja ya kurudia.

Lakini angalia mtego. "I don't know when the boat will arrive" ni sahihi kabisa, na "will" imo. Wanafunzi wangu walikuwa wakichanganyikiwa hapa, nami kwa miaka mingi niliwaambia tu wakariri. Baadaye niligundua kwamba Kiswahili chetu kina jibu. Tafsiri kichwani. Ikija "lini", yaani "sijui boti itafika lini", acha "will" ikae. Ikija -po- au -ki-, yaani "boti itakapofika", iondoe. Ni "when" ileile kwa macho, lakini moja ni swali lililomezwa ndani ya sentensi, nyingine ni wakati wa kutendeka jambo.

Na maadamu nimetaja swali lililomezwa: "We asked where is the landing site" ulivyoandika ukurasa wa nne, ni "sijui yuko wapi" ya kwetu. Swali la Kiingereza likishaingia ndani ya sentensi nyingine, linaacha mpangilio wa swali. "We asked where the landing site is", au "was" kama unasimulia yaliyopita.

Sasa -nge-. Hii ina kisa. Kuna mwaka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliandika "If I would have a boat, I would go to Ukerewe", nikamkata maksi. Akanyosha mkono: "Mwalimu, ningekuwa na boti ningeenda Ukerewe. Kiswahili kina -nge- mbili, kwa nini Kiingereza kiwe na moja?" Nilimwambia kanuni ndiyo hiyo, akae. Alikaa. Nimelikumbuka swali lile mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwalimu wake sikuwa nimeliona. Anayekosea namna ile ameshika sarufi ya lugha yake barabara na anaipeleka kule anakokwenda. Aliyehitaji kufikiri siku ile ni mimi.

Jibu ambalo ningempa leo ni hili. Kiswahili kina chombo maalumu cha kusema jambo si la kweli, nacho ni -nge- au -ngali-, na kinakigonga pande zote mbili. Kiingereza kwenye kile kishazi cha "if" hakina chombo hicho, kwa hiyo kinaazima wakati uliopita na kuutumia kama umbali. "If I had a boat, I would go to Ukerewe." Ile "had" haisemi juu ya jana. Inasema boti hii iko mbali na ukweli, sina. Na kama jambo lenyewe limeshapita na haliwezi kurekebishwa, kinarudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had known, I would have come." Ndiyo "ningalijua ningalikuja".

Kuna jambo la -ki- ambalo mkuu wako hakuliona, lakini mimi nimeliona. "Mvua ikinyesha" kwa Kiswahili inaweza kuwa ni hakika itanyesha, tunangoja siku tu, na inaweza kuwa huenda isinyeshe. Kiswahili hakikulazimishi kuchagua. Kiingereza kinakulazimisha: "when it rains" ni ya hakika, "if it rains" ni ya shaka. Wewe umeandika "if the loans are paid back". Ulikuwa na shaka kweli kwamba wale wafugaji watalipa mikopo? Kama huna shaka nao, andika "when". Usiwatilie watu shaka ambayo huna.

Hilo linanileta kwenye koma, na hapa nakuomba usome polepole, kwani unaandika habari za watu. Umeandika: "The fishermen, who had no licences, were sent back." Umeweka koma mbili kwa sababu ulipumua hapo. Koma zile zinasema kwamba wavuvi wote unaowazungumzia hawakuwa na leseni, na wote walirudishwa. Ukizitoa, "The fishermen who had no licences were sent back", inakuwa ni wale tu wasio na leseni, wengine waliendelea na kazi yao. Kwa Kiswahili "wavuvi wasio na leseni walirudishwa" tunaelewana kutokana na habari yenyewe. Kwa Kiingereza cha kuandika, koma mbili zimewatuhumu watu wote wa mwalo ule, pamoja na mzee aliyelipia leseni yake kwa wakati. Ungekuwa umekosea "when" na "if" kurasa zote nisingejali kama nilivyojali hii.

Kwenye vishazi hivyohivyo vya "who" na "which" na "that", usirudishe kitendwa, yaani kile kinachotendwa. Sisi tunasema "samaki niliyemnunua", tuna -ye- na tuna -m-, samaki yuleyule ametajwa mara mbili ndani ya kitenzi kimoja. Kiingereza kinamtaja mara moja: "the fish that I bought", si "the fish that I bought it". Na wakati mwingine hata lile neno la mlangoni linaondoka, "the fish I bought", na kishazi bado ni tegemezi. Hapo huna budi kuzoea kwa kusoma sana.

Na "although" ukishaiandika, usilete "but" kwenye nusu ya pili. "Ingawa... lakini" kwetu inasikika kila siku, kwao moja inatosha.

Sasa turudi kwenye sentensi yako ya vizimba, kwa maana kuiunganisha ni rahisi, lakini kuna uamuzi ndani yake. Uliandika vipande viwili. Ukibadilisha tu nukta kuwa koma, unapata: "Although the cages were installed before the rains, the fish grew slowly." Imekamilika. Kishazi tegemezi kikitangulia, koma inakifuata. Kikija nyuma, mara nyingi koma haihitajiki. Lakini unaweza pia kuigeuza: "Although the fish grew slowly, the cages were installed before the rains." Maneno ni yaleyale, ila ya kwanza inamwachia msomaji samaki waliodumaa, na ya pili inamwachia kazi iliyofanyika kwa wakati. Kile unachokiweka kwenye kishazi huru ndicho anachoondoka nacho. Ukikitupa kwenye tegemezi, umekipunguzia uzito. Wewe ulikwenda kule, umekaa na wale wafugaji, umeona vizimba. Amua mwenyewe wanastahili kukumbukwa kwa lipi, halafu lile ndilo ulipe kishazi kinachosimama.

Zile sentensi nyingine mbili sizirekebishi. Ya "because the boats were late" kishazi chake huru kiko juu yake, umekitenganisha kwa nukta tu. Ya "while the women were sorting the catch" sijaona kishazi huru chake popote. Wanawake walikuwa wanachambua samaki, na wakati huo nini kilitokea? Hukutuambia, na mimi nataka kujua.

Ukishaandika upya, nitumie kurasa zile nizisome kabla hujampelekea mkuu wako. Baba yako anakusalimu, anauliza kama bado unakunywa chai bila kula kitu asubuhi. Nimekutumia dagaa kilo tatu kwa basi la kesho, wamekauka vizuri, nimewachambua mwenyewe. Wakifika, nipigie.

Mimi mama yako.