Asembli ya Commodore 64 bila Commodore

Swali: Mambo vipi, nataka kujifunza asembli (lugha ya kuiamrisha prosesa moja kwa moja) ya Commodore 64, ile kompyuta ya 1982, ila mashine sina, nina laptop tu. Nianzie wapi?

Jibu: Poa ndugu, laptop inatosha kabisa. Shusha VICE inayoiga mashine nzima, na ACME, asembla ya bure (programu inayogeuza kodi yako kuwa lugha ya mashine), kodi unaandikia hapohapo kwenye laptop. Anza na * = $c000 (anwani ya kumbukumbu programu inapokaa), chini yake lda #2 (chukua 2, namba ya rangi nyekundu), kisha sta $d020 (iweke kwenye anwani ya rangi ya ukingo), halafu rts (rudi), ukishapakia faili kwenye VICE andika sys 49152 (ndiyo $c000 kwa desimali) na ukingo wa skrini unageuka mwekundu palepale, yaani umeiamrisha chipu ya picha moja kwa moja! Na monita ya VICE (si skrini, ni zana ya kukagua programu) usiiache, inakupeleka amri mojamoja huku unaona rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zinavyobadilika, mi naipenda kuliko kitabu chochote.